Sababu Kumi na Tisa za Fundi Kola

Fundi Kola hakuwahi kutoa sababu ya jambo lolote tangu alipoota ndevu. Nyumbani kwake, ukimuuliza kwa nini redio izimwe, jibu lilikuwa kwamba amesema izimwe. Ukimuuliza kwa nini watu wasiende harusini, jibu lilikuwa lilelile, ila kwa sauti ya juu kidogo. Mkewe alishazoea, binti yake alikataa kuzoea, na yeye mwenyewe aliamini kwamba mwanamume anayejieleza sana ana jambo analoficha. Kwa hiyo Alhamisi ile Bosi aliposimama katikati ya karakana na kutangaza kwamba suala la dirisha litaamuliwa Jumamosi kwa vifungo, Fundi Kola aliona ametegewa mtego.

Ilikuwa karakana ya ushonaji, chumba kimoja kirefu chenye meza kubwa ya kukatia katikati, cherehani nne kando ya kuta na meza ya pasi kule nyuma. Taa mbili za dari zilifanya kazi zilipojisikia. Dirisha lilikuwa moja tu, pana, la kioo, linalotazama barabarani, na chini yake cherehani ya Fundi Kola ilikuwa imekaa miaka ishirini na miwili, mpaka miguu yake ikachimba vishimo vinne sakafuni. Shati likishonwa na fundi yeyote mle ndani, kola ilipitia mikononi mwake. Kola yake ilisimama wima hata shati likifuliwa na mtu mwenye hasira. Kwa hilo alijulikana, na kwa hilo alivimba kichwa.

Habari ya vifungo ilitoka kwa marehemu baba yake Bosi, aliyeianzisha karakana. Mzee yule alichoshwa na mafundi waliogombana kutwa nzima huku kazi zimelala, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: SEMA UNACHOTAKA. SEMA KWA NINI. KAA CHINI. Tangu hapo, wawili wakigombania jambo, kila mmoja anawekewa kopo lake mezani. Baada ya chai ya Jumamosi wanasema yao, kisha kila mfanyakazi anatia kifungo kimoja kwenye kopo la mwenye sababu bora. Wagombanaji nao wana vifungo vyao, ingawa hivyo kila mtu anajua vinakokwenda. Bosi hana kifungo. Yeye anahesabu na kufunga mjadala.

Aliyelitaka dirisha alikuwa Dada Pazia, mgeni wa miezi sita, mwanamke mdogo mwenye mikono mirefu na subira ya kutisha. Aliliomba kwa upole, na upole huo ulimuudhi Fundi Kola kuliko kama angetukanwa. Alieleza kwamba kitambaa cha pazia hakionyeshi kasoro mpaka kisimame mbele ya mwanga: uzi uliokatika, doa, mahali palipofumwa kwa ulegevu. Yeye kule nyuma hazioni. Anayeziona ni mteja, tena akiwa ameshatundika pazia sebuleni na kuwaita majirani. Fundi Kola alitafuta pa kuing'ata sababu ile akakosa, akaishia kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Dada Pazia alimwambia samahani, mzee, na hilo nalo likamuudhi.

Sasa ukweli wenyewe ni huu, na tuuseme mapema tusije tukasumbuana: Fundi Kola alikuwa haoni vizuri. Kwa mwaka mzima ukungu ulikuwa umemkalia machoni, mwanzo mwepesi, kisha mzito. Dirishani, kwenye mwanga mkali, akiinamia kitambaa karibu kukigusa kwa pua, bado aliweza kushona. Mbali na dirisha alikuwa mtu wa kupapasa. Siku za mawingu alimwomba Mdarizi amtilie uzi kwenye sindano, akisingizia kwamba vidole vyake vina mafuta. Mwezi uliopita, siku ya mvua, alishona kola kumi na mbili za sare nyeusi upande wa ndani ukiwa nje, akazichukua zote nyumbani ndani ya mfuko na kuzifumua mlangoni jua lilipotoka. Bosi alipouliza, alisema kitambaa cha siku hizi hakina mbele wala nyuma. Akiondolewa pale dirishani, ndani ya wiki moja kila mtu angejua, na fundi wa kola asiyeona kola angebaki kuwa nani? Swali hilo lilimtesa. Kumwambia mtu hakukumpitia akilini hata kidogo.

Ijumaa jioni alikaa mezani nyumbani kwake na kipande cha karatasi ya kukatia vielelezo, akaandika sababu zake kwa chaki ya fundi, herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Alipofika kumi na tisa akaona zinatosha. Alikuwa pia na njaa, kwa sababu asubuhi aliondoka bila chakula chake cha mchana na kushinda na chai tu. Mkewe alimwekea sahani mbele yake bila neno, akarudi jikoni na kuufunga mlango. Fundi Kola aliupima ukimya ule na kuhitimisha kwamba mke wake anaumwa jino.

Binti yake alikuwa mwalimu wa sekondari, na miongoni mwa vipindi vyake kulikuwa na kile cha fikra tunduizi, ambamo aliwafundisha vijana kutofautisha dai na sababu. Baba mtu siku zote alikiona kipindi hicho kuwa ni kuwafundisha watoto wa watu ubishi kwa gharama ya wazazi wao. Lakini shida haina baba. Alimsogezea karatasi.

Binti alisoma kimya, kisha akachukua kalamu nyekundu kutoka kwenye nywele zake, mahali alipozoea kuichomeka.

"Ya kwanza," alisema. "'Pale ni pangu.' Hili ni dai, baba. Ndilo unalotaka watu walikubali."

"Soma ya pili."

"'Kila mtu anajua pale ni pangu.' Ni dai lilelile, umelibadilisha nguo tu."

Ya tatu ilisema kwamba pazia si ushonaji, ni kitambaa kikubwa chenye bahati. Hiyo, binti alisema, ni tusi. Ya nne ilisema kwamba Dada Pazia huimba akiwa kazini. Binti aliuliza kama huimba vibaya, na baba alikiri kwamba huimba vizuri, lakini anarudia ubeti. Ya tano ilisema marehemu mzee angekuwa hai angemuunga mkono. Binti alisema huyo shahidi ni mgumu kumhoji. Ya saba ilisema kwamba tangu yule dada aje, cherehani ya Fundi Suruali imeharibika mara mbili.

"Na mvua je, haijanyesha tangu aje?" aliuliza binti.

"Imenyesha sana," baba alisema, akaanza kuiandika. Binti akamshika mkono.

Waliendelea hivyo. Ya kumi ilikuwa ya kweli lakini haikuhusu kitu. Ya kumi na moja ilihusu lakini haikuwa ya kweli. Ya kumi na nne hakuna aliyeweza kuisoma, hata mwandishi. Miaka ishirini na miwili dirishani, binti alisema, inaonyesha kwamba amekaa pale muda mrefu, haionyeshi kwamba anapaswa kuendelea. Fundi Kola alimwambia kwamba kwa hesabu hiyo hata ndoa ingeweza kuvunjwa. Karatasi ilipokwisha ilikuwa nyekundu kuliko nyeupe, na kwenye sababu kumi na tisa kulikuwa kumebaki sifuri.

Binti aliweka kalamu chini. Alimtazama baba yake, jinsi alivyoinama mpaka ndevu zikachafuka chaki.

"Baba, acha kwanza habari ya kushinda. Unalitaka lile dirisha kwa nini?"

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Badala yake Fundi Kola alisema jambo la kwanza lililomjia, kwamba anayekaa dirishani anawaona wateja wakipita, anawasoma, anawaita walio wa maana na kuwaelekeza kwingine wasiohusika. Dada Pazia ana macho ya kitambaa. Yeye ana macho ya watu. Aliisema mara mbili na mara ya pili ikampendeza yeye mwenyewe.

Binti alikubali kwamba hiyo, angalau, ina umbo la sababu. Lakini alimwonya kwamba sababu ya namna hiyo inapimika. Mtu anaweza kuuliza kama ni kweli. Baba mtu alijipiga kifua, akasema waulize tu.

Jumamosi chai ilinywewa upesi kuliko kawaida. Bosi aliweka makopo mawili kwenye meza ya kukatia, akagawa vifungo. Walioketi walikuwa watano: wagombanaji wawili, Fundi Suruali ambaye maishani angependa kuwa hakimu, Mdarizi asiyeinua kichwa, na Mpiga Pasi, mtu laini anayekubaliana na kila anayemaliza kusema. Dada Pazia alirudia sababu yake kwa sentensi tatu. Alikuwa amekuja na kipande cha pazia, akakiinua dirishani, na wote wakaona mstari wa uzi uliokatika ambao mezani haukuonekana kabisa. Akakaa chini. Mpiga Pasi alitikisa kichwa kukubali.

Fundi Kola alisimama na kuzungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Alieleza kuhusu wateja, jinsi karakana isiyo na mtu wa kuwatambua ilivyo duka lisilo na mlango. Alieleza kwamba yeye, mtu akiwa bado upande wa pili wa barabara, anajua kama amekuja kushonesha suti au kuuliza njia. Mpiga Pasi alitikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Fundi Suruali aliandika kitu kwenye kiganja.

Dada Pazia aliinua mkono. Alionekana kama mtu anayelazimishwa kumeza dawa.

"Mzee, jana mchana kuna mama alisimama hapo nje ya kioo. Ulimwonyesha ishara aende zake. Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona vizuri kabisa."

"Labda tuyaache, mzee."

Lakini Fundi Kola alishanusa ushindi, na mtu aliyenusa ushindi haambiliki. Alisema hapana, huo ndio mfano wenyewe aliokuwa akiutafuta. Akaeleza karakana nzima kwamba yule alikuwa mama mmoja mfupi, amechokachoka, kabeba furushi la nguo kuukuu, wale wa kukutaka umshonee viraka kisha asimame kukuhesabia mishono. Alimjua mara moja. Alimpungia mkono aende mtaa wa pili, alipozidi kung'ang'ania kioo akampungia tena kwa nguvu mpaka akaondoka. Kama angekuwa amekaa mtu mwingine pale, mchana wote ungepotea.

Hakuna aliyetikisa kichwa, hata Mpiga Pasi. Mdarizi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, aliinua uso.

"Mzee," Dada Pazia alisema kwa sauti ya chini, "yule alikuwa mke wako. Alikuletea chakula."

Fundi Kola alibaki amesimama. Mkono wake bado ulikuwa hewani, pale ulipokuwa ukionyesha jinsi alivyopunga. Aliona, kama mtu anayehesabu mishono kurudi nyuma, chakula alichokisahau, furushi, sahani iliyowekwa bila neno, mlango wa jikoni uliofungwa. Hapakuwa na jino. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu likaja jambo zito zaidi, huzuni, kwa kuwa alimfikiria yule mama akirudi nyumbani na chakula chake mkononi.

Bosi aliongea taratibu. "Fundi, unalitaka dirisha. Kwa nini?"

"Kwa sababu sioni," alisema Fundi Kola.

Aliisema kwa maneno mawili matatu na haikuwa ngumu kama alivyodhani. Aliongeza kwamba ni mwaka sasa, kwamba zile kola za sare ni yeye si kitambaa, na kwamba vidole vyake havijawahi kuwa na mafuta. Mdarizi alisema hilo la mafuta alikuwa analijua. Kisha mzee akakumbuka maandishi ya ukutani, akakaa chini.

Fundi Suruali alikohoa. Siku hii alikuwa ameisubiri maisha yake yote, na alijitahidi isionekane. Alisema kwamba, kwa heshima zote, sababu ya mzee ni ya kweli na inauma, ila haibebi dai lake. Mtu asiyeona anahitaji daktari wa macho. Dirisha halijawahi kumtibu mtu. Limemsaidia tu kujificha mwaka mzima huku ukungu ukizidi. Kwa maoni yake mzee alileta sababu nzuri kuliko zote zilizowahi kusemwa mle ndani, akaifungia kwenye dai lisilo lake.

Siku nyingine yoyote Fundi Kola angemuuliza Suruali ni nani aliyemfundisha kazi. Leo aliligeuza lile neno kichwani, akalivuta huku na huku kutafuta mahali litakapoachia, likakataa kuachia. Ni kweli, alisema. Watu wakatazamana, kwa kuwa neno hilo walikuwa hawajawahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Vifungo vikaanza kutiwa. Suruali akatia kwenye kopo la Dada Pazia, Mdarizi vilevile, na Dada Pazia akatia chake huku akitazama sakafu. Mpiga Pasi alikuja macho yamemjaa machozi, akatia chake kwenye kopo la Fundi Kola.

"Hicho umekitia kwa sababu gani?" Fundi Kola aliuliza.

"Nimekuonea huruma, mzee."

"Ahsante. Lakini kopo ni la mwenye sababu bora, na mwenye sababu bora ni yule pale. Kitoe."

Mpiga Pasi alikitoa. Akasimama nacho hajui la kufanya, mpaka Bosi alipomwonyesha kopo la pili kwa kidole. Fundi Kola akainuka, akaizunguka meza kwa kupapasa ukingo wake bila kuficha tena, akatia na cha kwake humohumo. Vitano kwa sifuri. Bosi alihesabu mara mbili, kwa kuwa tangu enzi za baba yake hapakuwahi kutokea mgombanaji aliyejipigia kinyume. Kisha akafunga mjadala, akamwambia Fundi Kola kiti chake kipo na kazi yake ipo, na Jumatatu asije kazini kabla hajafika hospitali.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo, na hakugeuka. Fundi Kola alisimama karibu na kamba. Njia nzima alikuwa amejaribu maneno ya kuanzia, na yote yalianza na yeye kuwa na haki.

"Jana nilikufukuza," alisema mwishowe.

"Najua. Nilikuwepo."

Akaendelea kukunja shuka. Alipozungumza tena alizungumza na shuka, akasema kwamba amelifikiria jambo lile usiku na mchana. Mwanamume amemwona mkewe kwenye kioo, hatua mbili kutoka kwake. Amempungia aende, mbele ya wenzake, mara mbili. Basi anamwonea aibu. Alijaribu kutafuta maana nyingine, akakosa, na hakutaka kuuliza kwa kuwa nyumba hii haina desturi ya kuulizwa kwa nini.

Fundi Kola alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nalo lilikuwa geni. Alimwambia kwamba yote aliyoyapanga yamepangika vizuri, hata yeye angefika hapohapo, ila lile la kwanza si kweli. Hakumwona. Aliona kitu kifupi chenye furushi. Haoni uso wa mtu tangu mwaka jana.

Shuka lilianguka. Mkewe alimsogelea, akamshika kidevu na kuyaelekeza macho yake juani kama anayetafuta kibanzi. Kisha hasira ikapata nafasi yake.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na kila Jumapili unaniambia nimependeza."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajuaje?"

Fundi Kola alifikiri. Alikuwa amechoka kusema uongo, na siku hiyo moja tu alikuwa ameshajifunza mambo mengi.

"Lilikuwa dai," alisema.

Mkewe akacheka, kwanza kwa kujizuia, kisha mpaka akaishika kamba ya nguo isimwangushe, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu Ijumaa yakapata njia. Fundi Kola alisimama akiusikiliza ule ukungu ukicheka na kulia, akatamani kuuona.

"Jumatatu nakupeleka mwenyewe," mkewe alisema alipopata pumzi. "Na nitavaa lilelile gauni la Ijumaa. Hata wakikuita mara ngapi, kila mara nitalivaa hilohilo. Siku ukiona, utaniambia kama nimependeza, na utaniambia kwa nini."